Ndugu wa Solange

Kule Kapata, mtaa wa wafanyakazi wa migodi ya shaba, nyumba za kampuni zimejipanga mistari mistari, na katikati yake kulikuwa na foyer, jumba la bamama. Humo wake za wafanyakazi walijifunza kushona, kudarizi, kuogesha mtoto, na kupika mboga za Wazungu ambazo waume zao hawakuzila hata siku moja. Mwalimu wa kudarizi aliitwa Tshiela. Sindano yake ilikuwa ya kawaida tu, tusidanganyane. Wanawake walimpenda kwa sababu ya Ijumaa.

Ijumaa saa nane mchana, Tshiela aliketi kwenye kiti cha mbao karibu na dirisha, akafungua kitabu cha Kifaransa, akakisoma kwa macho na kukisema kwa Kiswahili. Mistari miwili kwa macho, mistari miwili kwa mdomo, bila kukwama, kama anayeeleza habari za jirani. Alikuwa amesoma kwa masista miaka sita kabla baba yake hajaamua kwamba inatosha. Hakumsamehe baba yake jambo hilo, na wala hakulificha. Tena alikuwa na maringo yake: hakusoma mbele. Wenzake wakishtuka, naye ashtuke pamoja nao. Maringo hayo ndiyo yaliyomponza.

Na wale bamama hawakusikiliza kitabu kama wanafunzi. Walikisikiliza kama kesi. Wengi wao walikuwa watu wa Kasai, babu zao waliletwa kuchimba shaba, na kwao shauri la mtu halianzi kama ndugu zake hawajaketi. Mtu asiye na ndugu huwezi kumhukumu, huwezi kumwoza, hata kumzika ni taabu. Basi kila mtu aliyetokea kitabuni alitafutiwa ndugu humo chumbani. Mama mmoja alisema, "Ule ni wangu," na tangu hapo alimtetea, alimgombeza, alijibu kwa niaba yake. Mtu wa kitabu akifa, kazi ilisimama. Wanawake waliweka vitambaa chini, wakainuka mmoja mmoja, wakampa ndugu yake mkono na kusema pole. Kadija, mke wa Swedi dereva wa lori, aliwahi kupewa pole ya mzee mmoja mkorofi aliyekufa huku amewafungia watoto wake mlango. Mzee mbaya kabisa yule! Kadija alilia machozi ya kweli. Walimcheka wiki nzima, lakini mkono walimpa. Hata mwizi alipewa pole. Hilo halikuwa na mjadala.

Sasa kulikuwa na Mado, mkunga wa maternité, hospitali ya wazazi. Kwenye karatasi aliitwa Mbuyi, maana miaka ile serikali ilikwisha kufuta majina ya Kizungu na kila mtu alikuwa citoyen au citoyenne, yaani mwananchi, lakini aliyemwita Mbuyi ni daktari peke yake. Kila Ijumaa asubuhi alikuja foyer na mizani kupima watoto, na kazi ikiisha hakuondoka. Alikaa kwenye kigoda karibu na mlango, mizani miguuni, akasikiliza. Alikuwa na miaka thelathini na moja, hana mume, na hakumwomba mtu radhi kwa hilo. Unadhani Kapata walimwacha? Thubutu! Walisema ana bwana wa mtu amemficha Likasi. Walisema tumbo lake limefungwa. Halafu mtoto akikataa kutoka, haohao walikimbia kumwita.

Tshiela alikuwa na mume, Kabongo, fundi wa umeme kwenye bwawa la Nzilo, mtu mpole aliyerudi nyumbani Jumamosi na kuondoka Jumapili alasiri. Walikuwa na watoto wawili. Hakuwa na la kulalamika. Lakini ukweli usemwe: Tshiela aliingoja Ijumaa kuliko alivyoingoja Jumamosi, na si kwa ajili ya kitabu. Baada ya kusoma, Mado alibaki kumsaidia kukunja vitambaa. Kisha Tshiela alikaa chini, Mado akamsuka, na wakaongea mpaka watoto walipokuja kudai chakula. Ni hayo tu, hakuna jingine. Lakini alimpenda. Alimpenda mpaka kichwa kilimuuma siku Mado asipokuja, na hakuwa na mtu wa kumwambia.

Mwaka 1974, maduka ya Wazungu yalipochukuliwa, mke wa Mbelgiji mmoja mwenye duka la vitambaa alirudi kwao, akaacha sanduku la vitabu maternité. Mado alichagua kimoja kisicho na jalada wala kurasa za mwanzo. Akakisoma chote, kisha akamletea Tshiela.

"Soma hii," alisema.

"Inasema nini?"

"Weye soma tu, Tshiela. Usiniulize."

Kilikuwa kitabu cha msichana aitwaye Solange, yatima, dobi wa kijiji chenye kinu cha maji. Anaamka kabla ya jogoo, mikono imepasuka kwa baridi, na mjomba wake hamwachi apumue. Mama Ngeleka hakungoja hata ukurasa wa tano. Huyu alikuwa mke wa kapita, msimamizi wa wafanyakazi, na mwenyewe kiongozi wa kwaya, mwanamke wa sauti, na katika chumba kile hakuna aliyeketi kabla yake.

"Ule ni mutoto yangu," alitangaza. "Wangu mi tu. Mutu asimuguse."

Wiki tatu alimpigania Solange kama aliyemzaa. Mjomba alitukanwa kwa Kiluba na kwa Kiswahili. Mwenye kinu alipotaka kumwoa na Solange akakataa, Mama Ngeleka alipiga vigelegele: "Amekataa muzuri! Kizee kama kile!" Halafu akatokea Blanche, mshonaji kutoka mjini, anayecheka sana na kuimba akishona. Kadija akamchukua Blanche. Wanawake walifurahi. Yatima amepata rafiki, nani hatafurahi?

Ijumaa ya nne, Tshiela alifika penye mvua. Solange anafua ndani, Blanche anaingia amelowa, anacheka, kisha anaacha kucheka. "Blanche anamushika uso na mikono mibili," alisema Tshiela. Macho yake yakatangulia mistari miwili. Mdomo wake ukasimama.

Hakuwahi kusimama hata siku moja. Sindano zote zikasimama naye.

"Anafanya nini?" akauliza Mama Ngeleka.

"Anamubusu."

"Ku shavu."

"Hapana, mama. Haiko ku shavu."

Angeweza kudanganya palepale. Lakini kule mlangoni Mado alikuwa akimtazama, hakupepesa, na Tshiela alielewa ghafla kwa nini alipewa kile kitabu. Akaendelea kusoma kwa sauti ndogo. Blanche anamwambia Solange kwamba anampenda, tena si upendo wa dada, na Solange anajibu kwamba alikuwa akilingoja neno hilo tangu siku ya kwanza.

Mama Ngeleka alicheka. "Umesoma mubaya."

"Minasoma vile banaandika."

Basi ikawa vurugu. Mmoja alisema hayo ni mambo ya Wazungu, kwetu hayako. Mwingine alisema yako, alikwisha kuyasikia, na waliofanya hivyo walifukuzwa kama mbwa. Wa tatu alitema mate nje ya dirisha, karibu na bega la Tshiela. Mama mmoja alifunika masikio ya mtoto aliyekuwa ananyonya, mtoto wa miezi mitatu, jamani!

Mama Ngeleka akasimama. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeibiwa. "Mi nilimupigania ule mutoto wiki tatu," alisema. "Wiki tatu! Kumbe minabeba uchafu ku mugongo. Basi leo namutupa. Siko ndugu yake tena, batu bote basikie."

Kadija akainamisha kichwa. "Na mi Blanche namuacha," alisema polepole.

"Muzuri. Sasa nani eko ndugu yao?" Mama Ngeleka akatazama huku na huku. "Hakuna. Basi hakuna kesi. Bakufe tu."

"Beko bangu," akasema Mado.

Wote wakageuka. Alikuwa bado ameketi, mkono mmoja juu ya mizani.

"Solange ni ndugu yangu," alisema. "Na Blanche pia. Kama muko na maneno, muniambie mi."

Mama Ngeleka alimtazama Mado, kisha akamtazama Tshiela, akarudi kwa Mado, taratibu. "Ah," alisema. "Sasa tunaelewa juu ya nini hana bwana." Na hakuna aliyemkanya.

Wiki ile ilikuwa chungu. Kwenye bomba la maji Tshiela alisema yambo, zikamwitikia ndoo. Kitambaa cha meza alichokuwa akimfundisha binti wa jirani kilirudishwa mlangoni kwake kikiwa nusu, sindano imechomwa katikati. Jumamosi Kabongo alirudi kutoka Nzilo, akala, akanawa mikono.

"Banasema mpaka kule Nzilo, ku barrage," alisema mwishoni.

"Banasema nini?"

"Sitaki kuirudilia mu nyumba yangu." Hakupandisha sauti. "Mado asifike hapa tena."

Afadhali angefoka. Tshiela aliosha sahani moja mara tatu.

Jumatatu akaitwa na citoyenne Mwamba, mkubwa wa foyer, mwanamke mwenye beji ya chama kifuani na kalamu nyekundu mkononi. Mwamba ndiye aliyezunguka nyumba kwa nyumba kuangalia nani mchafu na nani mgomvi, na aliyoyaandika juu ya mke yaliingia kwenye faili ya mume kazini. Kila mtu Kapata aliijua ile kalamu.

"Kitabu hicho kinaishaje, citoyenne?"

"Sijui. Sisomagi mbele."

"Utasoma. Ijumaa kiishe, na kiishe namna inafaa kwa bamama ba foyer. Kama haiishi hivyo, kile kiti atakikalia mwingine, na Kabongo ataulizwa ana mke wa namna gani." Akafungua faili nyingine. "Funga mlango vizuri ukitoka."

Alhamisi asubuhi, watoto wakiwa shuleni, Tshiela alisoma mbele kwa mara ya kwanza maishani mwake, amesimama kando ya babula, jiko lake la makaa, sufuria ikiungua. Solange na Blanche wanahama kijiji. Wanatukanwa, wanakosa pa kulala, wanafungua kibanda cha kushona mjini. Wanazeeka. Ukurasa wa mwisho ni wazee wawili mezani, wanagombana juu ya dirisha: mmoja anataka lifunguliwe, mwingine anasikia baridi. Basi. Kitabu kinaishia hapo, dirisha nusu wazi. Tshiela alicheka, halafu akalia, halafu akaogopa.

Ijumaa chumba kilijaa mpaka wengine wakasimama. Mwamba mwenyewe alikuja, akaketi mbele. Mado naye alikuja, ingawa daktari alikwisha kumshauri abaki maternité. Alipopita karibu na kile kiti aliinama.

"Umeisoma?"

"Nimeisoma."

"Ni muzuri, eh?" Alikuwa anatabasamu, maskini. Akaenda kwenye kigoda chake.

Tshiela akafungua kitabu. Akasoma kuhama kwao, akasoma matusi, mpaka hapo ni kweli tupu. Kisha akageuza ukurasa, akaacha kuutazama.

"Solange anaona haya," alisema. "Anaona amekosea Mungu na batu. Anarudi kule ku kinu, peke yake. Anaingia mu maji." Sauti yake haikutetemeka, na hilo ndilo lililomtisha baadaye. "Maji inamubeba. Banamukuta asubuhi, amekufa. Na Blanche anaolewa na mwanaume moja alifiwaka na muke yake, anazaa batoto tatu. Kitabu kimeisha."

Mama Ngeleka alipiga makofi. Wote wakapiga. "Njo vile!" walisema. "Kitabu kiko na akili!" Mwamba alitikisa kichwa kwa kuridhika na kuandika kitu. Vigelegele vilisikika mpaka barabarani.

Mado hakupiga makofi. Alimtazama Tshiela kama mtu anayetazama mkono uliomzaba kofi, akijaribu kuukumbuka ni wa nani. Kisha akainuka, akasimama wima kando ya kigoda, mikono mbele, kama wafiwa wanavyosimama humo chumbani tangu zamani.

"Ndugu yangu amekufa," alisema. "Minangoja pole."

Makofi yakafa. Hakuna aliyejongea. Yule mzee mkorofi alipewa pole. Mwizi alipewa. Mama Ngeleka alichukua kitambaa chake akaanza kudarizi, na wengine wakaona njia, wakainamia sindano zao. Kadija alinyanyuka nusu, akatazamwa, akaketi.

Na Tshiela? Tshiela alikuwa na kitabu mapajani na miguu miwili mizima. Ilikuwa hatua sita. Hakwenda.

Mado alisubiri muda wa kutosha. Halafu akabeba mizani yake, akatoka. Wiki mbili baadaye alipanda treni kwenda Kasaji. Alikuwa ameomba mwenyewe kazi ya zahanati kule, kwenye mji wa reli na mashamba ya mihogo. Hakuaga.

Kitabu alikichukua Mwamba, na kilichompata hakijulikani. Lakini hadithi ilibaki, na wanawake waliipenda mno. Ilikuwa ikiulizwa kila baada ya miezi michache, hasa akija mke mgeni: Mama Tshiela, tuambie ile ya kinu! Na Tshiela akawaambia. Akamwingiza Solange majini mara ya pili, mara ya tatu, mara ya nane. Aliongeza viatu vilivyobaki ukingoni, wakavipenda sana vile viatu. Kiti kilikuwa chake, faili ya Kabongo ilikuwa safi, na alijisuka mwenyewe, vibaya. Kuna Ijumaa alijichukia hata akashindwa kula.

Katikati ya mwaka 1976, Ijumaa moja, Kadija alichelewa, akaingia na habari. Swedi amerudi na lori kutoka Kasaji, amempeleka dada yake kujifungua, mtoto mzima, mama mzima.

"Na bilevile," alisema akitafuta sindano yake, "Mado eko kule, bamama banangoja kuzaa anabapigia masimulizi. Wifi yangu anasema anabasimulia ile ya Solange. Lakini kule Solange hakufi."

"Hakufi namna gani?" akasema Mama Ngeleka.

"Kule Solange eko muzee. Eko na Blanche, banapigana juu ya dirisha. Moja anasema ifunguliwe, mwingine anasikia baridi." Kadija akacheka kidogo. Hakuwa na nia mbaya, alikuwa tu na kitu cha kusimulia.

Tshiela alisikia dirisha, akaujua ule ukurasa wa mwisho.

"Uwongo ya Kasaji," alisema Mama Ngeleka. "Ule mwanamuke hana haya. Mama Tshiela njo alisoma kitabu na macho yake. Mama Tshiela, ubaambie."

Wakamgeukia wote, wanawake ishirini na kitu, wanangoja neno moja tu. Ilikuwa rahisi mno. Alikwisha kulisema mara nane. Mlangoni, pale penye kigoda, alikuwa ameketi mke mgeni asiyejua lolote, ananyonyesha.

Tshiela akachoma sindano kwenye kitambaa, akakiweka chini.

"Mado anasema kweli," alisema. "Solange hakukufa. Kitabu haikusema anakufa hata kidogo. Mi njo nilimuua."

"Unasema nini weye?"

"Nilimuua juu ya kulinda kiti hii. Nilibaogopa ninyi. Nilimuogopa Mwamba, nilimuogopa na bwana yangu. Sasa musikilize vile iliandikwa." Na akawaambia ukurasa wa mwisho, kila mstari, maana alikuwa akiusoma kichwani kila Alhamisi kwa miaka miwili. Wazee wawili, meza, baridi, dirisha nusu wazi. Akamaliza. "Na Mado aliomba pole hapa, mi nikabaki kukaa. Ile nayo niliifanya mi."

Msidhani walilia. Msidhani hata mmoja alisema, aa, kumbe. Mama Ngeleka alisimama. "Tulikusikiliza miaka yote hii," alisema. "Tulikupa masikio yetu. Toka ku kile kiti."

"Minatoka."

"Na batoto yangu usibasalimie mu njia!"

Mtu alimrushia kifuko cha nyuzi, kikampiga mgongoni. Mmoja alianza wimbo wa kwaya ili wasisikie zaidi, na wengine wakaupokea kwa nguvu. Jumatatu ikaja barua ya Mwamba ya kumwondoa kazini, mistari minne. Kabongo aliisoma Jumamosi, akaikunja, akauliza kama kuna bukari, ugali wake wa jioni. Hakuongea naye majuma mawili, ila hakumfukuza.

Lakini hiyo ni baadaye. Ijumaa ile, wimbo ukiwa bado unaendelea ndani, Tshiela alishuka ngazi za foyer na mkasi wake na kikofia cha kidole ndani ya kikapu. Akasikia ndara nyuma yake. Kadija alikuwa anakimbia, kitambaa cha kichwa kimelegea, anatazama nyuma kama aliyeiba. Akamfikia, akasimama mbele yake, akanyoosha mkono wa kulia na kuushika kwa mkono wa kushoto kwenye kiwiko, vile wanavyofanya matangani.

"Pole, mama," alisema, anahema.

Tshiela aliupokea ule mkono, akaushika, hakuuachia.

"Pole ya nini, Kadija?" alisema. "Hakuna mutu alikufa."